Kiwimbi Juu ya Herufi N

Katika nyumba moja ya kambi ya polisi imo bahasha ya kaki yenye nakala za barua mbili. Zote zilipigwa chapa na mtu mmoja, mke wa mwenye nyumba, karani wa serikali ambaye kabla ya kukalia kiti cha ofisi alipata cheti cha ualimu. Zote ziliandikwa kwa Kihispania, lugha ambayo nyumbani humo hakuna aijuaye sawasawa, zikapelekwa Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini iliyo kati ya Brazili na Ajentina. Barua ya kwanza ilileta kicheko. Ya pili ilikuwa ya msiba. Mtu akizitandaza pamoja mezani ataona kwamba mwandikaji ni yule yule na mashine ni ile ile, ila katika ile ya pili vimeongezeka vijialama fulani juu ya herufi, vidogo kama punje za mtama, ambavyo katika ya kwanza havimo.

Urafiki wenyewe ulianzia kazini. Mwenye nyumba, ambaye sasa ni sajini, alipelekwa kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, akapangwa chumba kimoja na askari wa Uruguay. Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa habari za watu hao, kwani nchi hiyo yenye watu wasiofika milioni nne ilianza kupeleka askari Kongo mwaka 2001, na kikosi chake kilikaa Goma miaka mingi. Hao wawili hawakuwa na lugha moja. Walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwa ishara, na kwa vinywaji: mmoja akimimina chai ya maziwa, mwingine akifyonza majani yake ya mate kutoka katika kibuyu kwa mrija wa chuma. Kwa heshima ya familia, jina la rafiki huyo halitajwi hapa. Itoshe kusema kwamba ni jina la namna ya Peña, lenye ile herufi ya Kihispania iliyo katikati.

Walipokwisha kurudi makwao, ikafika siku ambayo rafiki alikuwa anatimiza miaka 45. Sajini akataka kumpelekea salamu kwa lugha yake. "Mama watoto," akasema, "wewe ndiye mwenye elimu ya kuandika. Nipigie barua ya heshima." Mkewe akatoa kamusi ndogo ya zamani, akaketi usiku mbele ya kompyuta. Kamusi ilionyesha wazi kwamba katika baadhi ya maneno herufi n ina kiwimbi juu yake, na baadhi ya vokali zina mstari mfupi ulioinama. Aliviona. Akatazama vitufe vya mashine kutoka juu hadi chini, hakukuta hata kimoja chenye alama hizo, akahukumu kwamba bila shaka ni mapambo. Akaandika n tupu na vokali tupu, akaridhika.

Jibu likaja kwa simu ya mkononi. Ilikuwa picha ya ile barua, na neno moja limezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni zimechorwa nyuso tatu zinazocheka hadi machozi. Sajini akacheka pia, bila kujua anacheka nini.

Aliyewafumbulia ni sista mmoja wa hospitali ya misheni, aliyekaa Hispania miaka mingi. Aliisoma barua, akafunika mdomo kwa mkono.

"Sista, tumekosea nini?"

"Mama, *año* ni mwaka. Ukikiondoa hiki kiwimbi, neno linabaki *ano*, nalo ni jambo jingine kabisa."

Hakuendelea, ikambidi karani aangalie mwenyewe katika kamusi. Ni sehemu ya mwili ambayo mtu mwenye heshima zake haitaji mbele ya wakwe, seuze kumpongeza mwanamume mzima kwa kuwa nazo 45.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lakini sista alitia kidole mahali pengine pia, juu kabisa ya barua, penye jina la rafiki. *Peña* kwa Kihispania ni jabali, mwamba. *Pena*, bila kiwimbi, ni huzuni. Tena ni adhabu, kiasi kwamba adhabu ya kifo katika lugha hiyo huitwa *pena de muerte*. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa katika ukoo wa Mwamba alikuwa ameandikiwa salamu za siku ya kuzaliwa kwa jina la Bwana Huzuni. Rafiki hakulizungushia kalamu nyekundu hilo. Huenda alikwisha kuzoea.

Hapo sajini hakucheka. Yeye mwenyewe ana jina lenye *ng'* ndani yake, na katika ofisi moja aliyowahi kupitia waliandika jina hilo bila kile kikato, ambacho wasomi hukiita ritifaa, katika kila karatasi iliyomhusu. Alipolalamika aliambiwa kwamba mashine haipendi alama hizo. Msomaji wa Kiswahili anajua kikato kile si pambo: *ng'oa* ni kutoa kitu na mizizi yake, na *ngoa* ni matamanio au wivu. Mtu aliyeitwa jina lake visivyo kwa miaka kadhaa hahitaji somo refu ili amwelewe mwenziwe.

Ni vema kueleza kiwimbi hicho kilitoka wapi. Herufi *ñ* husomwa kama *ny* ya Kiswahili katika *nyumba* na *nyanya*. Kwa hiyo España ni Espanya, na *señor* ni senyori. Zamani, waandishi wa Kilatini wa Ulaya walikuwa wakiandika kwa mkono juu ya ngozi, na ngozi ilikuwa ghali. Walipofika kwenye n mbili zinazofuatana, kama katika neno *annus*, yaani mwaka, waliandika moja, na ya pili wakaidokeza kwa kimstari juu ya ile ya kwanza. Sauti ya *nn* ikageuka katika vinywa vya Wahispania ikawa *ny*, na kile kimstari cha kubana matumizi kikabaki kuwa alama ya sauti hiyo. Leo *ñ* ni herufi kamili katika alfabeti ya Kihispania yenye herufi 27, ina mahali pake katika kamusi baada ya n, na mtoto wa shule huihesabu kama anavyozihesabu nyingine.

Ile mistari mifupi juu ya vokali kazi yake ni nyingine. Huonyesha silabi inayopigiwa mkazo, na mkazo katika Kihispania unaweza kumbadilisha mtendaji na wakati. *Hablo* ni nasema. *Habló* ni alisema. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi ataona mara moja uzito wa tofauti hiyo. *Papá* ni baba. *Papa*, huko Amerika ya Kusini, ni kiazi. Kuna pia nukta mbili juu ya u katika maneno machache kama *vergüenza*, yaani aibu, ili u isomwe isimezwe. Tena kuna alama ya kuuliza na ya mshangao zilizopinduliwa, ¿ na ¡, ambazo hutangulia sentensi. Hizo zilipendekezwa na Chuo cha Kifalme cha Lugha cha Hispania katika mwaka 1754, kwa sababu katika sentensi ndefu msomaji alikuwa anafika mwisho ndipo agundue kwamba alikuwa anaulizwa.

Mbona basi mashine hazina alama hizo? Jibu ni kwamba mashine ya karani yule haikutengenezwa kwa ajili ya Mhispania. Mpangilio wa vitufe unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulizaliwa Marekani pamoja na taipureta katika miaka ya 1870, na Kiingereza hakina haja kubwa ya vijialama. Taipureta zilizouzwa Hispania zilikuwa na kitufe cha *ñ* upande wa kulia wa L, mahali ambapo Mwingereza huweka nukta mkato. Zilikuwa pia na kitufe cha mkazo ambacho kikipigwa karatasi haisogei, hivyo mpiga chapa hupiga alama kwanza, kisha hupiga vokali chini yake. Mafundi walikiita kitufe mfu. Msomaji aweke jina hilo akilini, kwa kuwa mfu huyo atafufuka hapo mbele.

Kompyuta zilipokuja, mambo yalizidi kuwa magumu. Jedwali la Wamarekani la mwaka 1963, lililoipa kila herufi namba yake ndani ya mashine, lilikuwa na nafasi 128 tu, na *ñ* haikupewa hata moja. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliongeza nafasi hadi 256, ndipo *ñ* ikapata kiti namba 164.

Wahispania hawakukaa kimya. Serikali yao ilikuwa na sheria zilizokataza kuuza nchini humo kompyuta zisizo na kitufe cha *ñ*. Mwaka 1991 wakuu wa Jumuiya ya Ulaya walizipinga kwa hoja kwamba zinazuia biashara huria. Zogo likawa kubwa. Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, alikuwa miongoni mwa walioitetea herufi hiyo hadharani. Mwaka 1993 Hispania ilitoa amri ya kuilinda, kwa kutegemea kifungu cha utamaduni cha Mkataba wa Maastricht. Mtu aweza kuona ajabu kwamba taifa zima lilipigana kwa ajili ya kitufe kimoja. Lakini ni kitufe kilichomo katika jina la taifa lenyewe.

Karani hakuwa na taipureta ya Madrid wala amri ya serikali. Alikuwa na kibodi ya Kiingereza na sista mwenye subira. Kwanza alifundishwa njia ya namba. Mtu hukishikilia kitufe kilichoandikwa Alt, na huku amekishikilia hupiga 164 kwenye vile vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi, kisha huachia, *ñ* hutokea. Kubwa yake, Ñ, ni 165. Vokali ni hivi: á ni 160, é ni 130, í ni 161, ó ni 162, ú ni 163, na ü ni 129. Kiulizo kilichopinduliwa ni 168, na mshangao uliopinduliwa ni 173. Sharti taa ya Num Lock iwe inawaka, na tarakimu za mstari wa juu hazifai kwa kazi hiyo. Aliziandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ukutani karibu na kalenda, na mtoto wake wa darasa la tatu akazikariri kabla yake.

Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye kuandika neno moja au mawili. Kwa barua nzima inachosha, na kwenye kompyuta ndogo za kubeba mara nyingi zile tarakimu za pembeni hazipo kabisa. Karani aligundua hayo siku alipoazima kompyuta ya jirani, akashikilia Alt na kupiga 164 mpaka vidole vikafa ganzi, lakini hakupata kitu.

Njia ya pili ndiyo iliyomfaa. Katika mipangilio ya lugha ya Windows upo mpangilio wa Kimarekani uitwao International. Ukiuchagua, vitufe havibadili sura, ila baadhi yake hubadili tabia. Kitufe cha kikato (') kikibonyezwa hakionyeshi kitu; hungoja. Ukifuatisha a, unapata á. Ukifuatisha o, unapata ó. Kile chenye ~ kikifuatiwa na n huleta ñ, na alama za kunukuu (") zikifuatiwa na u huleta ü. Huyu ndiye yule mfu wa taipureta. Asiyetaka kungoja hushikilia Alt ya upande wa kulia na kupiga n apate ñ, au vokali apate vokali yenye mkazo. Vivyo hivyo 1 humpa ¡, na kitufe cha kuuliza humpa ¿. Kwenye kompyuta za Apple kazi hiyo hufanywa na kitufe cha Option: Option na n, kisha n tena, kwa ñ, Option na e, kisha vokali, kwa mkazo. Kwenye simu ya mkononi ni rahisi kuliko kote: mtu hukandamiza herufi bila kuachia, na ndugu zake wote hujitokeza juu yake achague.

Karani alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alipiga chapa waraka wa Kiswahili wa ofisini kuhusu mifugo, bila kurudisha mpangilio wa zamani, na mkubwa wake akamwita.

"Mama, hawa *ngómbe* ni ng'ombe wa wapi?"

Kikato kilikuwa kimengoja, kikakutana na o, wakaungana kuwa ó. Dawa ni kupiga kikato kisha kitufe kirefu cha nafasi, ndipo kikato hujitokeza peke yake. Au kurudisha mpangilio wa Kiingereza kazi ya Kihispania ikiisha. Tangu siku hiyo yeye huurudisha.

Sajini naye alipata faida yake kazini. Katika pasipoti, chini ya ukurasa wa picha, mna mistari miwili ya kusomwa na mashine, nayo kwa kanuni za kimataifa haikubali isipokuwa herufi A hadi Z, tarakimu na alama <. Kwa hiyo katika pasipoti moja askari aweza kusoma PEÑA juu, na chini akakuta PENA, au hata PENXXA, kwa kuwa kanuni zinaruhusu Ñ iandikwe N au NXX. Asiyejua atadhani ameshika mghushi. Wapo wasafiri waungwana waliokalishwa kwenye benchi saa nyingi kwa sababu ya X mbili.

Wala si serikali zote zinazoona uzito wa jambo hili. Huko California, jimbo la Marekani lenye mamilioni ya watu wa asili ya Meksiko, bunge lilipitisha mswada wa kuruhusu alama hizo katika vyeti vya kuzaliwa, na mwaka 2017 Gavana Jerry Brown akakataa kuutia saini kwa hoja ya gharama za kubadili mitambo. Gharama ni hoja. Lakini mzazi aliyempa mwanawe jina anajua kwamba hakumpa jina linalofanana na lile, alimpa lile.

Kwa askari, jambo hili lina sura nyingine nzito zaidi. Wanaofia katika kazi za amani za Umoja wa Mataifa hutunukiwa nishani ya Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa mwaka 1961 kwa ajali ya ndege karibu na Ndola akiwa katika shughuli za Kongo. Nishani hiyo ni ya kioo, nayo huchorwa jina la marehemu na tarehe ya kifo chake. Jina la nishani yenyewe lina ö, ambayo kwa njia ya Alt ni 148. Mwezi Januari 2025 askari mmoja wa Uruguay aliuawa katika mapigano karibu na Goma. Majina ya watu kama hao hupita katika meza nyingi kabla ya kufika kwenye kioo, na katika kila meza ameketi karani mbele ya kibodi.

Rafiki wa sajini hakufia vitani. Alifariki nyumbani kwake kwa maradhi, miaka mitatu baada ya ile barua ya kwanza. Habari zilipofika, sajini alikaa nje mpaka giza likaingia, kisha akaingia ndani na kusema maneno yake kwa Kiswahili, polepole, na mkewe akayaandika. Asubuhi walikwenda kwa sista akayageuza. Jioni karani akaketi, akabadili mpangilio wa vitufe, akaanza kupiga.

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja kwa mjane. Jina la marehemu limo mara sita. Kila mara mkono wa karani ulikwenda kwenye ~, ukasubiri, ukashuka kwenye n. Sajini alisimama nyuma ya kiti. Alijua sasa kwamba katika barua ya tanzia, kiwimbi kikianguka, mjane ataandikiwa Bibi Huzuni.

"Kimekaa?" aliuliza kila jina lilipopita.

"Kimekaa."

"Na hapo mwisho?"

"Na hapo."

Walipochapisha alichukua karatasi, akaisogeza karibu na taa, akavihesabu mwenyewe kwa ncha ya kidole, kisha akaikunja.

Baada ya wiki tano jibu lilikuja kutoka kwa binti mkubwa wa marehemu, limepigwa chapa kwa Kihispania, na sista akawasomea. Aliandika habari za *mi papá*, jinsi alivyokuwa akiwaonyesha wageni picha ya chumba kile cha kambini, na jinsi alivyokataa kuitupa ile barua ya kwanza, ambayo waliikuta ndani ya sanduku lake la karatasi muhimu. Sajini aliisikiliza yote ameinamisha kichwa. Kisha akaiomba, akaitazama anwani iliyo juu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu, na kikato cha *ng'* kilikuwa mahali pake.